Kabla Hujalipia Sneki

Ingia duka la vyombo vya muziki Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, useme unataka sneki. Muuzaji atakuuliza mambo mawili: chaneli ngapi, mita ngapi. Ukishamjibu anakutajia bei. Maswali hayo ni ya lazima, lakini hayakuambii kama mzigo unaoubeba utamaliza msimu mmoja wa harusi au utafanya kazi miaka kumi. Sneki huuzwa kwa urefu na kwa idadi ya matundu, ila kinachoiua hakimo humo. Chukua iliyotelekezwa stoo uipime kwa mita ya umeme, na mara nyingi utakuta sehemu yote ya katikati ni nzima. Kilichokatika ni nyuzi za shaba pale waya unapoingia kwenye jeki, au lehemu iliyoachia ndani ya sanduku. Sneki hufia nchani, kwa hiyo fedha yako nayo iende nchani.

Kwa anayeanza kazi hii: sneki ni kebo moja nene iliyobeba nyaya nyingi za maiki ndani yake. Upande wa jukwaani ina sanduku lenye matundu ya kanoni, na upande wa miksa inagawanyika kuwa mikia, kila mkia na jeki yake. Badala ya kuburuta kebo 20 katikati ya viti vya wageni, unaburuta moja.

Anza na karatasi, siyo na duka. Andika kila kitakachochomekwa jukwaani. Bendi ya dansi ya kawaida itakula maiki sita kwenye dramu, mbili kwenye tumba, besi moja, magita matatu, kinanda njia mbili kwa sababu kina kulia na kushoto, tarumbeta na saksafoni tatu, waimbaji watano. Umeshafika 22, na bado hujahesabu mshereheshaji. Halafu zipo njia za kurudi: miksa ikiwa nyuma ya watazamaji, sauti iliyokwisha kuchanganywa lazima irudi mbele, njia mbili za spika kubwa na nne za monita za wanamuziki. Bendi hiyo inataka 24 za kwenda na sita za kurudi, na kwa kuwa madukani utakuta nne au nane, chukua nane.

Watu hudhani taarab asilia inahitaji kidogo kwa sababu haina dramu. Kaa na kikundi cha aina ya Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 1905, au Culture Musical Club ya mwaka 1958, uhesabu: fidla nne, akodiani mbili, ganuni, udi, nai, dabobesi, dumbak, rika, mwimbaji, na maiki tatu za waitikiaji. Hizo ni 16, na nyingi ni maiki za kondensa zinazodai volti 48 kutoka kwenye miksa. Umeme huo hupanda kwenye maiki kupitia pini ya 2 na ya 3, ukarudi kwa pini ya 1, yaani kwenye ngao ya waya. Ngao ikiwa imekatika, maiki ya dramu isiyohitaji umeme inaweza kuendelea kusikika na mvumo wake, lakini ya ganuni inanyamaza kabisa. Sneki inayoonekana nzima kwenye bendi ya rumba inaweza kuumbuka mbele ya orkestra ya taarab.

Unapotaja idadi dukani, sema wazi unavyohesabu. Wapo wanaoandika 24/4 wakimaanisha 24 za kwenda na nyingine nne za kurudi, na wapo wanaoandika 24 tu, ukifungua boksi nyumbani ukakuta 20 za kwenda na nne za kurudi. Hesabu matundu mwenyewe. Na ukishapata idadi yako ongeza mbili za akiba, kwa sababu chaneli itakufa siku moja, na itakufa saa ambayo bwana harusi anaingia ukumbini.

Urefu usiupime kwa macho. Sneki haipiti katikati ya ukumbi. Inafuata ukuta, inazunguka mlango, inashuka jukwaani, inapanda meza ya miksa. Mahali kama Ngome Kongwe ya Mji Mkongwe, ambako tamasha la Sauti za Busara limefanyika miaka mingi tangu lianze 2004, kebo inayopita pembeni mwa kuta inaweza kula karibu mara mbili ya umbali unaouona ukisimama jukwaani. Ukumbi ambao mstari wake ni mita 20, mimi ningebeba mita 40. Usiogope kuwa waya mrefu utapunguza sauti ya maiki. Kila chaneli ina nyaya mbili zinazobeba sauti ileile, moja kinyume cha nyingine. Kelele ya umeme ikiingia inaingia sawasawa kwa zote mbili, miksa inachukua tofauti yao, kelele inafutika. Maiki ya kawaida hupita mita 50 bila masikio yako kugundua lolote. Gita ndilo lenye taabu: ukilichomeka moja kwa moja bila sanduku la DI, lile linalogeuza sauti ya gita isafiri kama ya maiki, mita 30 za waya zitakula ung'avu wake wote, na mpigaji atalaumu amplifaya.

Sasa tuingie ndani ya kebo. Sharti la kwanza ni shaba. Siku hizi kuna kebo nyingi za aluminiamu iliyopakwa shaba juu, nyepesi na za bei ya chini, na ukitazama ncha tu huwezi kuzitofautisha. Mwombe muuzaji kipande, toa uzi mmoja, ukwangue kwa kisu. Ikiwa juu ni nyekundu na chini inatokea nyeupe, hiyo ni aluminiamu, irudishe. Ikiwa juu ni nyeupe na chini inatokea nyekundu, hiyo ni shaba iliyopakwa bati, na kwa mtu wa Mombasa, Tanga au Unguja ni afadhali kuliko shaba tupu, kwa sababu hewa ya chumvi hugeuza shaba tupu kuwa nyeusi hata ndani ya ganda, na nyuzi zilizofanya kutu hazikubali lehemu tena. Sharti la pili, nyuzi ziwe nyingi nyembamba, siyo uzi mmoja mgumu. Uzi mmoja ni wa kuzikwa ukutani. Ukiukunja kila wiki unakatika.

Unene wa kawaida ni geji 24 ya Kimarekani, takriban milimita 0.2 za mraba, na unatosha. Geji 22 ni nene zaidi na ina uhai zaidi, ila kwa chaneli 24 uzito wake utauhisi mgongoni. Nyembamba kuliko geji 24 usichukue.

Ngao nazo zipo za aina tatu: karatasi nyembamba ya aluminiamu, nyuzi za shaba zilizozungushwa, na nyuzi za shaba zilizosukwa. Karatasi inafunika waya wote bila kuacha pengo, lakini haipendi kukunjwa; ikikunjwa mahali palepale mara kwa mara inapasuka. Usikatae sneki kwa sababu tu ina karatasi ndani, maana kebo nyingi nene zimetengenezwa hivyo hata na viwanda vya heshima, na mwili mnene haukunjwi sana. Unachotakiwa kukitazama ni mikia. Mikia hupindwa kila kazi, kwa hiyo kila mmoja uwe na ganda lake la mpira na ikiwezekana ngao ya nyuzi. Ukikuta mikia ni karatasi iliyovikwa mpira mwembamba tu, hiyo ni sneki ya studio, ifungwe siku moja isiguswe tena. Hakikisha pia kila jozi ina ngao yake peke yake. Zipo za bei ya kutupa ambazo jozi zote zinashirikiana ngao moja, na hizo zitakuletea sauti ya tumba ndani ya maiki ya mwimbaji.

Ganda la nje lipinde mkononi. Likiweka alama nyeupe pale lilipokunjika, au likabaki limepinda kama fimbo, liache. Ganda zuri linarudi lenyewe na kulala sakafuni bila kubishana nawe. La poliyurethani linastahimili kuburutwa kwenye saruji kuliko la PVC ya kawaida, lakini PVC laini na nene inafaa kabisa kwa kazi za ukumbini.

Majina husaidia kidogo. Mogami na Canare za Japani, Belden ya Marekani, Klotz na Sommer Cable za Ujerumani, Van Damme ya Uingereza: ukikuta kebo halisi ya mmojawapo, hata iliyotumika, katikati yake huna wasiwasi nayo. Ukikuta sneki kuukuu ya aina hiyo yenye ncha zilizochakaa, inaweza kuwa biashara nzuri kuliko mpya ya boksi: unakata futi moja kila upande, unalehemu upya, umepata kitu cha miaka.

Tumefika kwenye sanduku na jeki, na hapa tukae.

Omba bisibisi. Ndiyo, palepale dukani. Sanduku la sneki lazima lifunguke kwa skrubu. Lililobanwa kwa gundi au riveti ni la kutumia na kutupa. Ukishalifungua, tazama kwanza matundu ya kanoni yameshikwaje. Tundu linalojitegemea, lenye uso wake wa chuma na skrubu mbili kwenye sanduku, ukilipiga teke linaumia lenyewe tu, na fundi wa mtaani atalibadilisha kwa muda mfupi. Lakini yapo masanduku ambayo matundu yote yamelehemiwa juu ya ubao mmoja wa sakiti. Mwanamuziki akijikwaa kwenye waya mmoja, nguvu inaingia kwenye ubao wote, na lehemu za majirani nazo zinapata nyufa usizoziona. Aina hiyo siishauri kwa yeyote anayehamahama na vyombo.

Halafu fuata nyaya kwa macho. Kila jozi iwe na urefu wa ziada ndani ya sanduku, kitanzi cha kutosha kukuwezesha kukata na kulehemu tena mara mbili au tatu. Waya wa ngao ulio uchi uwe umevalishwa mpira, la sivyo utagusana na jirani siku sanduku litakapodondoka. Lehemu nzuri inang'aa na imetapakaa laini juu ya pini. Ile iliyojikusanya kama tone la uji ni lehemu baridi. Na hesabu kazi yenyewe: sneki ya 24/4 ina chaneli 28, kila moja nyaya tatu, pande mbili. Hizo ni lehemu 168. Kiwanda kinachouza kwa bei ya kushangaza kimepunguza mahali, na hapo ndipo mahali pa kupunguzia penyewe.

Jambo la mwisho kwenye sanduku ndilo ambalo wengi hawaliangalii: kebo nene imeshikwaje pale inapoingia? Watu watavuta sneki kwa sanduku lake, utake usitake. Kama kebo inapita kwenye tundu lenye mpira tu na ndani imefungwa fundo, mzigo wote unaenda kwenye lehemu. Unataka kikamatio cha chuma kinachobana ganda la nje, au ile soksi ya nyavu za chuma inayozidi kukaza kadiri unavyovuta. Upande wa mikia, pale kebo inapogawanyika, nako kuwe na kishikizo kigumu, siyo tepu nyeusi. Mikia yenyewe ifike mita moja na nusu, maana miksa nyingi zina matundu nyuma, na mkia mfupi unaning'inia na kubeba uzito wa jeki. Namba ziwe kwenye pande zote mbili na zifunikwe na mpira unaosinyaa kwa joto. Namba za stika zitatoka msimu wa kwanza wa mvua.

Kuhusu jeki, Neutrik ya Liechtenstein na Switchcraft ya Marekani ndizo zinazojulikana zaidi. Neutrik wana pia jina la bei nafuu, Rean, ambalo si bandia, ni lao. Bandia zipo, na kuzitambua ni kwa mkono: chomeka na kuchomoa mara kadhaa. Jeki ya kweli inaingia kwa uzito uleule kila mara, kufuli la jike linalia mara moja na kushika, na kibano cha nyuma kinauma ganda la waya. Ukiweza kuuzungusha waya ndani ya jeki kwa vidole, kibano hicho hakifanyi kazi.

Kabla ya kulipa, pima. Beba mita yako mwenyewe. Kwa kila chaneli, pini ya 1 isome na ya 1, ya 2 na ya 2, ya 3 na ya 3, na pasiwe na mawasiliano kati ya namba tofauti. Ikiwa 2 na 3 zimebadilishana, maiki itasikika vizuri peke yake, ila ukiweka mbili kwenye tumba moja besi inatoweka na hutajua kwa nini. Wakati mita inalia, mwenzako atikise jeki na mkia; mlio ukikatika, umepata ugonjwa kabla haujakupata. Kisha geuza mita isome omu. Shaba ya geji 24 ina takriban omu 2.5 kwa mita 30, na kama 4.2 kwa mita 50, ukishatoa upinzani wa nyaya za mita yenyewe. Ukisoma omu nne na zaidi kwenye mita 30, ama ni aluminiamu ama waya ni mwembamba kuliko ulivyoambiwa. Kipimo hiki huchukua dakika moja, na boksi likiwa limeandikwa shaba safi huku mita inasema nne, amini mita.

Kama una miksa ya kidijitali, swali linabadilika. Behringer X32 na Midas M32, kwa mfano, hutumia njia ya AES50: waya mmoja wa mtandao hubeba chaneli 48 kwenda na 48 kurudi, kikomo chake mita 100. Mifumo ya Dante, ya kampuni ya Audinate ya Australia, nayo hutumia waya wa aina hiyo. Unabeba kilo chache badala ya mzigo wa watu wawili, na waya ukikatika unanunua mwingine bila kulia. Lakini hapo hakuna chaneli moja kufa: waya ukikatika, jukwaa zima linanyamaza. Kwa hiyo beba mbili kila siku. Ule wa kufunga ofisini, wenye uzi mmoja mgumu, haufai kukunjwa na kukunjuliwa. Tafuta wa nyuzi nyingi, wenye ngao, na ncha za etherCON za chuma zinazogusa ngao hiyo, kwa kuwa AES50 husumbuliwa na umeme tuli na hukatakata sauti ukitumia waya usio na ngao. Kumbuka pia kuwa sanduku la jukwaani sasa linahitaji umeme. Jenereta ikizima, sneki ya kawaida haijui. Sanduku la kidijitali linazima na kuanza upya. Weka UPS pande zote mbili, jukwaani na mezani. Kwa aliye na miksa ya kidijitali ushauri wangu ni huo waya wa mtandao, pamoja na sneki ndogo ya chaneli nane kwenye gari kwa siku ya balaa.

Matunzo ya sneki hayana siri. Usiikunje kwa kuzungusha kati ya kiganja na kiwiko; kila mzunguko unaongeza msokoto na kuvunja nyuzi. Weka duara moja kwa juu, linalofuata kwa chini, au tumia ngoma ya kuzungushia. Isilale sambamba na waya wa umeme. Zikikutana, zipishane kwa pembe mraba. Usipitishe humo umeme wa amplifaya kwenda spika, hata kama jeki zinaingiana. Ikipita njia ya watu, ifunike kwa zulia au kifuniko cha mpira. Na stoo, iwe ndani ya sanduku lenye mfuniko, kwa sababu panya hawabagui shaba ya Japani na ya mtaani.

Muuzaji akikukatalia kufungua sanduku au kupima, nenda duka la pili, hata kama bei yake iko juu. Na kama fedha uliyo nayo inatosha sneki ya chaneli 24 yenye sanduku la gundi, au ya 16 inayofunguka kwa skrubu, chukua ya 16. Nane zilizobaki vuta kwa kebo za kawaida za maiki mpaka mfuko ujae tena.